Namba Niliyoiandika Kabla Gari Halijafika

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Msicheke bado, Njeri na Selina. Pa kucheka papo huko mbele na nitawaonyesha. Wazee wa reli wa pale Kaloleni walipostaafu walipewa saa ya ukutani na hotuba. Mimi nilipewa wiki mbili nichague: brashi au mtoto. Aliyenipa huo uchaguzi ni Gitau, bosi wenu, ambaye nilimfundisha mwenyewe kushika brashi na mpaka leo anaishika kama mwiko wa ugali.

Nina hasira, sitaficha. Ila sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mimi. Ninyi mmeikuta karakana ikiandika mabango ya bucha na majina ya makanisa, mkadhani ndivyo ilivyozaliwa. Sivyo. Karakana hii iliishi kwa mbio za magari, na siku mapenzi ya watu kwa mbio hizo yalipokatika mimi nilikuwepo, nikiwa na rangi mpaka kwenye viwiko. Basi kaeni niwaeleze.

Nilianza katikati ya miaka ya sabini, na cheti changu cha kidato cha nne ndani ya bahasha ya kaki. Baba, aliyekuwa akiunganisha mabehewa relini, alisikia kwamba Industrial Area kuna mzee anatafuta mtu wa kuandika. Nyumbani tukajua ni ukarani. Nikavaa blauzi nyeupe, sketi ya kubana na viatu vya kisigino vya kuazima, nikatembea kutoka Kaloleni hadi karakana ilipo, upande ule wa kuelekea Mukuru kwa Reuben. Nilifika nikichechemea. Nikamkuta Mzee Karanja amepiga magoti mbele ya mlango wa gari, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo, anaandika saba. Hakugeuka.

"Unajua kuandika?"

"Ndiyo, mzee. Na taipu najua, maneno thelathini kwa dakika."

"Hapa namba moja inakula asubuhi nzima. Vua viatu."

Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshaharibu kazi. Aliniambia nichore duara kwenye mlango uliokuwa umeegemezwa ukutani, nimwonyeshe mkono wangu. Nikakumbuka jiometri. Nikachukua msumari, nikaupigilia kwa jiwe katikati ya mlango, nikafunga uzi, nikazungusha chaki. Likatoka duara la kupigiwa makofi. Mzee akaja, akainama, akalitazama muda mrefu.

"Duara ni zuri sana."

"Asante, mzee."

"Sasa mwenye mlango akija tutamwambia nini?"

Mimi nilidhani ni chuma chakavu. Kumbe mlango ulikuwa umetolewa kwenye gari la daktari mmoja ili rangi yake ikauke vizuri. Mzee hakupiga kelele. Alichukua uzi ule ule, akauzungushia kwenye kidole gumba changu cha kushoto, akakikandamiza juu ya bati mpaka kikawa cheupe, akanipa chaki mkono wa kulia. "Mlango wa mtu haupigiliwi msumari," akasema. "Msumari ni wewe. Zungusha." Hivyo ndivyo ninavyochora mpaka leo, na ndiyo sababu gumba langu la kushoto ni pana kuliko la kulia. Mume wangu anasema ni kama kijiko.

Miezi mitatu sikushika rangi. Nilisafisha brashi. Nawaambia tena kwa sababu Njeri bado anaziacha zimesimama ndani ya kopo kama miswaki: brashi ya manyoya ikishaoshwa kwa tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, inapakwa mafuta safi ya injini na kulazwa chali. Ikisimama inapinda, na ikipinda namba zako zote zitakuwa na kibiongo. Tina nayo ikae na kifuniko. Na unapovuta mstari mrefu, toa pumzi polepole. Ukizibana mkono utatetemeka. Hayo ndiyo niliyoyajua mwaka wa kwanza, mimi wa maneno thelathini kwa dakika.

Halafu Pasaka ikafika, nikajua kwa nini Mzee aliajiri mtu.

Mbio zenyewe zilizunguka nchi siku kadhaa, vumbi huku, tope kule, kisha magari yakarudi Nairobi Jumatatu ya Pasaka. Sisi tuliandika namba kwenye milango: duara jeupe, likauke usiku kucha, kisha namba nyeusi juu yake. Kazi ya siku chache. Lakini mtaani ilikuwa kitu kingine. Kaloleni redio ilipelekwa ukumbini na mtu akaandika saa za magari ubaoni kwa chaki. Kasisi wetu alifupisha mahubiri ya Jumapili ya Ufufuo, akasema ni kwa ajili ya joto. Baba, ambaye hakuwahi kumiliki hata baiskeli, alibishana na majirani kuhusu shokabsoba mpaka chai ikashika utando.

"Pale kwa tope anatakiwa ashuke gia mapema," Baba alisema.

"Wewe umeshuka gia lini, Baba Rhoda?" jirani akamwuliza.

"Relini tunashuka mabehewa mazima, bwana."

Kulikuwa na dereva mmoja, mtu wa hapa hapa Nairobi, mwenye gereji yake ndogo, aliyekuwa akiwapiku wageni kwa gari la kawaida. Na hilo gari ndilo siri yote. Lilikuwa gari lile lile la mwalimu mkuu wetu. Lile la daktari niliyemtoboa mlango. Tofauti ilikuwa taa za ziada, vyuma vya mbele na namba yetu. Kwa hiyo kila tulipomwona mwalimu mkuu akipita asubuhi tuliona bingwa aliyechelewa shule. Mtu wa Makadara aliyekuwa na gari kuukuu lisilo na bampa aliweza kusema, "Hata mimi ningepewa barabara…" na hakuna aliyemcheka.

Ndiyo maana Jumanne baada ya Pasaka foleni ilitoka karakana mpaka barabarani. Walitaka namba ya mshindi. Wenye magari walitaka mlangoni, wasio na magari wakaleta walichonacho: baiskeli, kibanda cha chai kilichobebwa vipandevipande, mkokoteni wa maziwa. Seremala wa majeneza wa Shauri Moyo alileta mkokoteni anaopelekea majeneza.

Mzee Karanja akamtazama. "Sasa hawa abiria wako watashindana na nani?"

"Wewe andika, mzee. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba nakimbia."

Ikaendelea hivyo miaka kadhaa. Nikajua kazi, nikawa na mkono. Kisha nikapata mimba. Baba wa mtoto alikuwa fundi wa breki gereji ya pili kutoka kwetu. Alipopata habari aliondoka, na sijasikia kwamba amekanyaga breki hata moja tangu siku hiyo. Nilizunguka ofisi tatu na vyeti vyangu, mtoto mgongoni. Zote ziliniambia nirudi nikiwa peke yangu. Nikarudi kwa Mzee Karanja kumuaga tu, Atieno akiwa na wiki sita.

Mzee akaweka brashi chini. Alitoka nje, akarudi akibingirisha tairi la lori, akalilaza karibu na mlango wa nyuma penye hewa, akaweka magunia mawili ndani na blanketi lake la kulalia mchana juu.

"Huyu akae hapa, mbali na tina. Wewe ukae pale ulipokuwa. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kunyonyesha. Na akilia, simamisha kazi. Namba inaweza kungoja."

Nilijifanya rangi imeniingia machoni. Tangu siku hiyo kazi yangu yote mliyonikuta nayo ilikaa juu ya lile tairi. Bila tairi sina pa kumweka mtoto, bila pa kumweka mtoto sina brashi.

Sasa pa kucheka ni hapa.

Mzee alikuwa na sheria moja ya Pasaka. Namba ya mshindi haikuandikwa kwenye kitu cha mteja yeyote kabla gari lenyewe halijafika Nairobi na kusimama. Nilimwuliza kwa nini.

"Kwa sababu halijafika."

Nikaona hiyo si sababu, mimi msomi. Mwaka ambao Atieno alianza kutembea, Mzee alikwenda kwao Murang'a kwa sikukuu akaniachia ufunguo. Dereva wetu alikuwa namba kumi na nne. Jumamosi redio ikasema anaongoza. Jumapili asubuhi ikasema anaongoza kwa muda mrefu mno, wa pili hata vumbi lake halioni. Watu wakaanza kunigongea.

"Mama Atieno, hii imekwisha. Andika tu, Jumanne kutakuwa na msukumano."

Ningesema nilishawishiwa, lakini ni uongo. Nilijishawishi. Nilitaka Mzee akirudi akute kazi yote imemalizika, aone kuna mtu anafikiri kumzidi. Nikafungua mlango siku ya Ufufuo. Atieno akakaa ndani ya tairi na kipande cha mkate, nami nikaandika kumi na nne. Niliandika kwenye milango ya magari, kwenye madigadi, vile vikinga-tope vya baiskeli, kwenye mkokoteni wa maziwa na ule wa majeneza. Jamaa wa Makadara alileta mlango wa choo cha ploti yake, akasema hakuna mahali panapokimbiliwa kuliko pale. Nikauandika pia, pande zote mbili. Kusema kweli zilikuwa kumi na nne nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Zile nne zilikuwa zimenyooka kama askari.

Jumatatu alasiri nilikuwa kwenye kibanda cha chai nikisikiliza redio ya mwenye kibanda. Dereva wetu alivunja ekseli ndani ya tope, karibu kabisa na kurudi, mahali ambapo mtu angeweza kutembea kwa miguu mpaka nyumbani. Aliyeshinda ni gari lililoletwa na meli, lililofuatwa na helikopta yenye mafundi na spea juu kwa juu. Jina la lile gari mtangazaji alilitaja mara tatu, kila mara namna yake. Mtu mmoja aliomba aongezewe sukari.

Jumanne Mzee alifungua mlango akakuta foleni ya kawaida ya Pasaka. Akafurahi. Akakoroga rangi nyeusi. Kisha mtu wa maziwa akaingia.

"Yuko wapi Mama Atieno? Tangu jana Makongeni nzima inaniita Ekseli!"

"Nani amekuandikia hii?" Mzee akauliza.

Nikainua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nyuma yake wakasikika wengine. "Mimi mke wangu amekataa kupanda!" "Mwanamke huyu ametuandikia mkosi!" Mwenye choo alisimama tu na mlango wake chini ya kwapa. Mzee akanipa kitambaa na tina. Neno lake lilikuwa moja: "Futa."

Nikafuta. Nilichotegemea, na Mzee pia alikitegemea, ni kwamba nikishafuta yeye ataandika namba ya mshindi mpya. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka, hata miaka dereva wetu aliposhindwa. Mtu wa maziwa alipomaliza kunitukana Mzee akamsogelea na brashi.

"Haya, nikuwekee ya aliyeshinda?"

Ekseli akafikiri. "Hapana, mzee. Niachie hivyo hivyo wazi."

Akaja seremala. "Ile gari ya helikopta? Mimi siijui, mzee. Wacha tu."

Akaja wa choo. "Nipakie rangi ya kijani tu, ufanane na nyasi."

Mmoja mmoja, foleni nzima. Hakuna hata mmoja aliyetaka. Alasiri Mzee akachukua mfuniko wa kopo, akauweka, akaugonga kwa mpini wa brashi kuuzunguka mpaka ukakaa. Nilimwambia, "Mzee, nisamehe, nimeharibu." Akatikisa kichwa.

"Wewe umeharibu milango. Milango inafutika. Hawa wangekuwa wamekasirika kwa mapenzi wangetaka namba nyingine. Umewasikia? Wamesema hawaijui."

Mimi sikutaka kuelewa. Miaka iliyofuata nilitoa sababu zote walizotoa wengine: petroli, mvua, njia ya mbio kuhamishwa mbali na sisi, vijana kupenda mpira. Kila Pasaka niliosha brashi za namba na kuzipanga kana kwamba wageni wanakuja. Walikuja wachache, kisha wakaja wawili, kisha akaja mwenye choo, na yeye alikuja kusalimia. Mbio zilizidi kuwa za kasi na magari yakazidi kuwa mazuri, na kila yalipozidi kuwa mazuri ndivyo mtaani walivyozidi kuyatazama kama ndege ya rais. Unapunga mkono, unaendelea na shughuli zako. Hakuna mwalimu mkuu aliyekwenda shule kwa gari lile. Hakuna aliyeweza kusema "hata mimi" bila kuchekwa. Siku nyingine labda litatokea tena gari linalofanana na la mwalimu mkuu, na mtaenda ukumbini na redio zenu. Nami nitasema nilijua, kama nilivyojua kumi na nne.

Kisha zikaja stika. Magari ya mbio yakawa yanakuja na namba zake tayari, sisi tunaitwa kupangusa mlango. Mikono ya Mzee ikaanza kutetemeka. Akanikabidhi brashi zake zikiwa zimelala ndani ya mafuta, akarudi Murang'a, na karakana ikaenda kwa Gitau, mtoto wa dada yake. Gitau alisema maisha ni stika. Nilimpinga mwaka mzima, na ninakiri alikuwa sahihi, tena kabati langu nyumbani lina stika tatu.

Sikuwa sahihi kwa mengi, lakini kwa tairi nilikuwa sahihi. Mwaka huu nilipojifungua Awuor nikarudi naye kazini. Sasa nina mume, karani mpole anayekanyaga breki hata akitembea kwa miguu, lakini naye hana maziwa. Nikamlaza mtoto mahali alipolala dada yake. Gitau akasimama juu yetu, mikono kiunoni.

"Mama Atieno, hapa ni kazini, si nasari."

"Tairi hili limekuwa kazini kabla yako."

"Wateja wakiona mtoto watasemaje? Nakupa wiki mbili. Ama mtoto apate pa kukaa, ama wewe."

Ninyi mlikuwepo. Mliinamisha vichwa juu ya bango la bucha mkaandika neno "mbuzi" kwa uangalifu wa ajabu. Siwalaumu. Sikungoja hizo wiki mbili. Nilimfunga Awuor mgongoni nikatoka saa hiyo hiyo, na hasira zikanifanya nisahau brashi.

Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu, Gitau akaja Kaloleni mwenyewe, jasho linamtoka. Kijana mmoja wa mtaa wa Mowlem alikuwa amejenga gari lake la mbio kutoka kwenye mabaki, aina ile ile ya gari la mwalimu mkuu, na lilitakiwa likaguliwe mjini alasiri hiyo. Gitau alikuwa amebandika stika za namba mlango ukiwa na vumbi, kwenye jua. Zikavimba kama maandazi, na alipojaribu kuzinyoosha zikachanika. Wakaguzi hawalipokei gari lisilo na namba.

"Mama Atieno, nisaidie. Ni saa tatu tu zimebaki."

"Na huyu atalala wapi?"

"Kwa tairi, alale tu! Twende!"

Nikaenda. Duara halikuwa na usiku wa kukauka, kwa hiyo nilichora namba tupu moja kwa moja juu ya rangi ya gari, thelathini na nane, gumba langu likiwa msumari wa yale maduara ya nane. Awuor alilia mara moja, nikasimamisha kazi, nikanawa, nikanyonyesha, na Gitau alizunguka gari akitazama saa. Watazamaji walikuwa ninyi wawili na paka. Yule kijana wa Mowlem aligusa pembeni mwa namba, akasema, "Mama, hii ndiyo ile ya zamani," akaondoka nayo ikinuka rangi.

Nikamgeukia Gitau. "Kesho nije naye?"

Akajikuna shingo. "Kesho… leo ilikuwa dharura, mama. Unajua. Sheria ni sheria."

Basi nikachukua brashi za Mzee. Kisha nikainua tairi, nikalisimamisha.

"Hiyo tairi ni ya karakana!"

"Liandikie namba basi."

Nikatoka nalo nikilibingirisha, mtoto mgongoni, brashi kwapani. Mnajua uzito wa tairi la lori? Mimi sikujua mpaka nilipofika barabarani. Kwenye mteremko lilinitangulia na mimi nikalifuata mbio, viatu mkononi, kama siku ile ya kwanza. Nilipoingia Kaloleni watoto walikuwa wananifuata kundi zima, wanaunguruma kwa midomo, wanabadilisha gia. Kina mama walitoka milangoni. Baba alisimama kwenye kizingiti chake akapaza sauti nishuke gia mapema. Sijaona watazamaji wengi hivyo tangu mwaka wa ekseli. Mtoto mmoja akanikimbilia ubavuni.

"Mama, wewe ni namba ngapi?"

Nilikuwa sina pumzi. "Bado sijafika," nikamwambia.

Tairi sasa liko nyuma ya nyumba yetu, kivulini, mbali na tina. Nimepata bango moja la kanisa na milango miwili ya kinyozi. Brashi ziko nne, na mimi nina mikono miwili tu. Selina, ile ovaroli pana uliyoanza kuvaa mwezi uliopita haimdanganyi mtu yeyote isipokuwa Gitau, na hata yeye si kipofu milele. Awuor anakaribia kutambaa. Ukifika wakati wako, tairi litakuwa wazi.